SOMO LA MWEZI: KABLA YA KUFUTA KOMPYUTA
Soma: Luka 14:28-30

Wazazi wenye watoto wanaosoma Jinja na Mbale wanalijua jambo hili. Kijana anafuta Windows ya zamani ili aweke mpya, kisha katikati ya kazi kompyuta inasema hakuna mtandao. Bando limekwisha, kazi za shule zimefutika, na fundi anataka pesa nyingine. Yule mjenzi wa mnara tunamfahamu.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wanahamia Windows 11. Tangu 2022, hiyo hudai intaneti kabla haijamaliza kujiweka. Lakini mara nyingi kadi ya wifi bado haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Draiva iko kwenye intaneti, na intaneti haifunguki bila draiva! Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Njia rahisi ni simu ya Android. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Mara nyingi kompyuta huiona simu kama kadi ya mtandao, na kazi huendelea.

Wanaopenda mfumo wa bure wana Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004. Jina hilo ni lile lile utu letu. Waganda husema obuntu. Uzuri wake, huwashwa kutoka kwenye fulashi bila kufuta kitu. Jaribu wifi hapo kwanza. Ikikataa, mali yako bado ipo.

Wifi ikishika lakini kurasa hazifunguki, tazama anwani ya mashine. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa sababu ruta haikuipa. Usikimbilie kununua bando. Zima ruta, iwashe tena, ujaribu upya. Anwani ikiwa sawa, angalia tarehe. Kompyuta nzee ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka mingi nyuma, na tovuti nyingi huikataa.

Kwa vikundi vya nyumbani: someni tena mstari wa 28, kisha kila mzazi amwulize mwanawe, nakala za kazi zako umeziweka wapi?