Somo la 12: Kupumzisha Macho Mbele ya Kompyuta

Katika somo lililopita tulijifunza sehemu za jicho. Leo tutachunguza kwa nini macho huchoka mtu anapotazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta kwa saa nyingi huweza kusikia macho yakiwasha au kukauka. Pengine huona ukungu, na kichwa humwuma. Watu wengi husema kwamba mwanga wa kompyuta huunguza macho. Je, ni kweli? Fanya majaribio haya.

Jaribio la 1
Weka kidole chako sentimeta 20 mbele ya uso, ukitazame. Kisha, bila kukiondoa, tazama mti ulio mbali. Utaona kwamba huwezi kuviona vyote viwili vizuri kwa wakati mmoja. Ndani ya jicho mna misuli midogo inayobadili umbo la lenzi. Utazamapo karibu, misuli hiyo hujikaza. Utazamapo mbali, hulegea. Mkono ulioshika ndoo kwa muda mrefu huchoka. Misuli ya jicho nayo huchoka vivyo hivyo.

Jaribio la 2
Mwite mwanafunzi wa darasa jingine, wala usimwambie unachochunguza. Zungumza naye kwa dakika 1, ukihesabu kimya ni mara ngapi anapepesa macho. Kisha asome kwenye kompyuta, au katika kitabu chenye maandishi madogo. Hesabu tena kwa dakika 1, ulinganishe.

Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Atazamapo kompyuta, idadi hiyo hupungua sana. Kope zinapofumba hutandaza machozi juu ya jicho. Zisipofumba, machozi hukauka, na macho huwasha.

Basi, mwanga wa kompyuta hauunguzi macho. Macho huchoka kwa sababu ya namna tunavyotazama. Uchovu huo hauleti upofu, na huondoka kwa mapumziko.

Mambo ya kufanya
1. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa meta 6 kwa sekunde 20.
2. Pepesa macho mara kwa mara.
3. Kaa sentimeta 50 hadi 70 kutoka kwenye kioo.
4. Geuza kioo kisimulikwe na mwanga wa dirisha.
5. Usifikiche macho, wala usitie dawa bila ushauri wa daktari.

Ukungu usipoondoka baada ya kupumzika, au usipoona vizuri maandishi ya ubaoni, mwambie mwalimu na mzazi wako ili ukapimwe macho. Mtoto asiyeona ubao huweza kudhaniwa mvivu, kumbe anahitaji miwani tu.

Maswali
1. Kwa nini mwenzako hakuambiwa unachochunguza?
2. Fundi cherehani hatumii kompyuta, lakini jioni macho yake huchoka. Eleza sababu.
3. Kwa nini kutazama mbali hupumzisha macho?