Michezo ya chumbani: ridhaa, na pale mchezo unapogeuka kuwa mateso

Mada ya leo itawakwaza baadhi yenu, naomba radhi mapema. Lakini swali hili naulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, baada ya mtu kumaliza habari za presha: "Dada nesi, mwenzangu anataka kunifunga mikono. Anataka kunichapa, kunikaba. Ni kawaida?"

Watu wazima wawili wakipenda kufungana kamba, au mmoja kuamrisha na mwingine kutii, hilo peke yake si ugonjwa. La kuuliza ni kama wote wawili wamependa. Kwetu pwani kungwi humfundisha mwari lugha ya chumbani, na shanga na kanga zina maneno yake. Ila wengi wetu tulifundishwa kumpendeza mume, hatukufundishwa kumwambia "leo sitaki".

Zungumzeni mkiwa mmevaa nguo, mezani, chai mkononi, bila pombe. Kila mmoja aseme anachotaka, asichotaka kabisa, na kama ana pumu, presha au bega bovu. Chagueni neno la kusimamisha. "Sukuma wiki" linafaa, maana hakuna atakayelitaja kitandani kwa bahati mbaya! Likitamkwa, kila kitu kinasimama papo hapo, na hakuna kununa. Kama mdomo umezibwa, ashike funguo, akiziachia, basi. Mkasi uwe karibu, aliyefungwa asiachwe peke yake, na vidole vikifa ganzi mfungue mara moja.

Kuhusu kukaba shingo, msifanye. Hakuna namna salama, hata kwa wanaodai wana uzoefu. Mishipa ya shingoni ikibanwa, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Mshipa ukichanika kwa ndani, kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadaye, na shingoni pasionekane alama yoyote. Sauti ikikauka, kumeza kukawa kwa shida, kichwa kikauma sana au ukaona vidoa vyekundu machoni, nenda idara ya dharura usiku huohuo na useme wazi: nilikabwa. Usiseme ulianguka, maana daktari atatafuta ugonjwa mahali pengine.

Sasa sheria. Hapa Kanada, tangu 1983 mume anaweza kushtakiwa kwa kumwingilia mkewe kwa nguvu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya R. v. J.A., ambapo mwanamke alikuwa amekubali mwenzake amkabe hadi azimie. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema aliyezimia hana ridhaa, hata kama alikubali kabla. Kwa hiyo "si ulikubali mwenyewe?" haimwokoi mtu.

Mchezo umeisha na mateso yameanza pale anapopuuza neno lenu, anapokuchapa kwa hasira ya ugomvi wa kweli, anaposhika pasipoti na kadi yako ya benki, au anapotishia kuwatumia ndugu zako picha zenu. Kusambaza picha za faragha bila ridhaa nako ni kosa la jinai tangu 2015. Wanaume pia hufanyiwa haya, na hunyamaza zaidi.

Wengine hutishwa hivi: "Ukiniacha utarudishwa kwenu." Sharti la kuishi na mdhamini miaka 2 liliondolewa Aprili 2017. Ukiwa na makazi ya kudumu, huyapotezi kwa sababu tu mmeachana. Asiye nayo anaweza kuomba kibali cha muda kwa walioteswa na wenzao, kilichoanzishwa Julai 2019.

Na msituogope hospitalini. Mtu mzima akitueleza haya hatumwitii polisi bila idhini yake, isipokuwa mambo machache kama jeraha la risasi, au mtoto akiwa hatarini, ambapo tunalazimika kutoa taarifa. Women's College Hospital hapa Toronto ina kituo cha waliobakwa au kupigwa na wenzao. Wanawake wanaweza kupiga Assaulted Women's Helpline saa 24, namba 416-863-0511, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Ikiwa simu yako inakaguliwa, piga kwa simu ya jirani au ya kazini.