Chumvi na Chokaa

Wasomaji wetu, vitu hubadilika kwa namna mbili. Huko Nunge, Bagamoyo, jua hukausha maji ya bahari katika mashamba ya chumvi, ikasalia chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Itieni majini, itayeyuka. Ni chumvi ile ile. Bali mawe ya matumbawe yakichomwa sana hutoa hewa ya kaboni, yakawa kitu kingine, ndicho chokaa. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka, nayo yaweza kupofusha macho. Basi walimu, watoto na waishike chumvi, lakini chokaa waitazame kwa mbali. Ikiisha kupakwa ukutani huvuta tena hewa ile, ikawa ngumu kama jiwe. Magofu ya Kaole ni shahidi.