Umefunga mlango kabla binti hajatoka

*Shangazi, nakuandikia kutoka Doldol. Mimi ni baba wa watoto watano. Binti yangu ana miaka 17, yuko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa mjini Nanyuki na anaishi kwa dada yangu. Sasa anataka kwenda Naivasha na wenzake wikendi ya Safari Rally. Watalala kwenye mahema siku mbili na muziki ni usiku kucha. Nauli ameshachangiwa na rafiki zake. Dada yangu anasema nimwache, eti watoto wa siku hizi wote wanaenda. Kaka yake wa miaka 19 alienda mwaka jana, akarudi Jumanne bila simu na bila jaketi, tukacheka tu. Lakini huyu ni msichana. Nasikia habari za pombe, za vinywaji kutiwa dawa, za watu kukanyagana. Sisi Wamaasai zamani hatukuwa na upuuzi huu wa vijana kulala nje kwa ajili ya nyimbo. Nimeshamwambia wazi: ukienda na likupate la kukupata, usirudi kwangu. Je, nimkataze kabisa? Na nikimruhusu, hema la aina gani ni salama?*

*Baba Mwenye Wasiwasi, Doldol*

Mzee wangu, barua yako ilikuwa ndefu kuliko hivi. Nimeondoa bei za mahema, nimeondoa ugomvi wako na mwalimu wa darasa, nimeondoa na sifa ulizonimwagia, ingawa hizo zilinipendeza. Nimebakiza yanayomhusu binti. Na katika hayo kuna sentensi moja uliyoipitia mbio, ukakimbilia kuuliza habari za hema: “Likupate la kukupata, usirudi kwangu.”

Hatari zote ulizoniorodheshea zinapata nguvu hapo.

Hebu tumfuate huko. Ni saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, kando ya Ziwa Naivasha. Aliyewaleta kwa gari amelewa chakari. Wenzake wawili hawaonekani. Simu imebaki na chaji ya kupiga mara moja tu, na namba yako ameshaifuta kichwani, maana mwenye namba alimwambia asirudi. Atampigia nani? Atakwenda kwa yule jamaa wa hema la jirani anayemwambia kwa upole, “Dada, lala hapa mpaka kukuche.” Wanaume wa namna hiyo hawaruki kutoka vichakani, mzee. Hukaa wakitazama ni nani hana pa kwenda. Nawe umemtangazia binti yako, kabla hata hajapanda matatu, kwamba hana pa kwenda.

Kuna saa 72 ambazo kila mzazi mwenye mtoto wa rika hilo anapaswa kuzijua. Msichana akibakwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Za kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Anapaswa kufika hospitalini kabla ya kuoga, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Polisi wana fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimsikilizi mtu anayesema “lakini alikubali”: kwa msichana wa miaka 16 au 17, anayepatikana na hatia hafungwi chini ya miaka 15. Yote hayo yapo, yanamsubiri. Ila hayaanzi mpaka binti afungue kinywa, na kinywa hicho wewe umekiziba. Balaa la usiku ule wa kuamkia Jumapili, saa zake 72 humalizika usiku wa kuamkia Jumatano. Siku hizo tatu atazimaliza akitafuta namna ya kukuficha wewe.

Usiniambie kwamba hivyo ndivyo wazazi wa Doldol wanavyowafundisha watoto habari za hatari. Najua sivyo. Huko kwenu wanajeshi wa Uingereza walifanya mazoezi miaka mingi, wakaacha porini mabomu ambayo hayakulipuka, na waliokuja kuyaokota ni watoto wa wachungaji. Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200, Wamaasai na Wasamburu, walioumia au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa Doldol na Archers Post. Mtoto wa mfugaji wa kwenu hufundishwa mapema: ukiona chuma usichokijua, usikiguse, njoo uniambie. Nina hakika nawe uliwafundisha wako hivyo. Hukuwaambia, “Mkiguswa na bomu msirudi kwangu.” Mtoto mdogo mwenye fimbo ya kuchungia mbuzi ulimwambia njoo. Leo amefika Kidato cha Tatu unamwambia usije. Kwa nini?

Nitakuambia kwa nini. Bomu likimjeruhi, majirani watakuja kukupa pole. Hili jingine likimpata, unaogopa majirani watakuja kukutazama usoni.

Hapa nitasema ninavyoamini, na wanaonisoma wamenizoea. Nimeona wazee wengi, wa Nyeri na wa kwenu, wakichukua heshima ya nyumba nzima na kuipachika mwilini mwa msichana, kisha wakamwachia peke yake kazi ya kuilinda: kwenye matatu, shuleni, kwa mwajiri, hata kwa mjomba aliyekuja kutembea. Yeye ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote pale nyumbani, na ndiye aliyepewa mzigo mzito kuliko wote. Akiuangusha, anafukuzwa. Aliyemsukuma akauangusha hupewa chai.

Heshima yako ni yako, mzee. Ibebe mwenyewe. Na mimi naipima kwa jambo moja tu: mtoto wako akiharibikiwa, anakutafuta wewe wa kwanza au wa mwisho? Baba anayepelekewa habari njema peke yake hajui kinachoendelea nyumbani kwake. Anapokea matokeo ya mtihani na salamu.

Wala sidhani ulisema kwa chuki. Uliogopa. Wanaume wengi wa umri wako hawakufundishwa kutamka “naogopa,” kwa hiyo woga ukiwajia hutoka mdomoni ukiwa amri. Ila binti hayumo moyoni mwako. Alichosikia ni amri.

Tuje kwa kaka yake. Kijana anaondoka wikendi, anarudi Jumanne, hana simu, hana jaketi, na nyumba nzima inacheka. Hivi hamjasikia habari za kuwekewa mchele? Hizo dawa za kulevya watu na kuwaibia, kwenye vilabu vyetu wanaolengwa sana ni wanaume, tena vijana wenye simu nzuri. Mtu huamka siku ya pili kichwa kinagonga, mifuko imepinduliwa, na kipimo kikizidi haamki kabisa. Sisemi ndicho kilichompata. Nasema hakuna aliyemuuliza, kwa sababu yeye ni mvulana na wavulana hurudi tu. Binti aliona mkicheka. Kisha akasikia lililosemwa kwake.

Na hilo la “zamani hatukuwa na upuuzi huu” nakukatalia, ingawa mimi ni mtu wa Nyeri na huenda ukaniambia nikae kando. Zamani kwenu vijana walilala nje, tena sana. Morani walikwenda olpul, wakachinja, wakakaa porini kwa nyama na supu ya mizizi, wakaimba. Kambi zao za emanyatta zilijaa nyimbo, na wasichana walikuwapo. Lakini kila rika la morani lilikuwa na wazee wake wa olpiron, wanaojulikana kwa majina, wenye uwezo wa kuwaita, kuwakaripia na hata kuwalaani. Kitu kikiharibika, hao ndio walioulizwa.

Sasa tazama Naivasha. Safari Rally ilianza 1953, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na tangu irejee Juni 2021 makao yake yakiwa Naivasha, wikendi ile huvuta vijana kutoka kila upande wa nchi, wengine wasiomjua dereva hata mmoja kwa jina. Wanafuata “Vasha”: mahema, spika na kukesha. Olpiron wa hapo ni nani? Yupo anayeuza tiketi, yupo anayeuza pombe, wapo mabaunsa wanaolinda ua ili asiingie asiyelipa. Muulize binti jina la mtu mzima mmoja atakayekuwa macho kwa ajili yake saa nane usiku. Akikosa la kukutajia, umeshapata jibu la swali lako bila Shangazi.

Basi hema. Hakuna turubai linalomlinda mtu. Naivasha usiku ni baridi, na vijana huingiza jiko la makaa ndani wakafunga zipu. Makaa yale hutoa sumu isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, kwa hiyo asilale karibu na maji wala asiende huko gizani kupiga picha. Kinywaji akifungue mwenyewe, na akikiacha asikirudie. Penye umati akae pembeni na ajue pa kutokea kabla muziki haujapamba moto: Kampala, usiku wa kuingia mwaka 2023, watu wapatao tisa, wengi wao vijana na watoto, walikufa katika jumba la Freedom City baada ya kubanana kwenye njia nyembamba wakati wa fataki. Pombe ni marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ndiyo ile sheria ya 2010 tunayoiita ya Mututho, na Mututho mwenyewe, ukitaka kucheka, wakati huo alikuwa mbunge wa Naivasha.

La nauli nalo halikunipita. “Ameshachangiwa na rafiki zake.” Anayelipiwa kwenda hurudi anapotaka mlipaji. Hata safari ikiwa ya Nyeri kununua viatu, binti awe na nauli yake ya kurudi kwenye M-Pesa, na rafiki yeyote asijue kwamba ipo. Namba yako aikariri kichwani, kwa maana simu huibwa. Aijue na 116 ya watoto, na 1195 ya wanaodhulumiwa kijinsia. Zote hupigwa bure.

Asiende mwaka huu. Hana miaka 18, hakuna mtu mzima wa kumjibia, na dada yako anayesema wote wanaenda hajasema kama naye anaenda.

Lakini shika utaratibu huu, kwa sababu ukiupindua umeharibu yote. Ukimkataza huku maneno yale yakiwa bado yamesimama, atakwenda. Atamwambia shangazi yake kwamba analala kwa rafiki wadurusu hesabu, na Jumamosi atakuwa Naivasha bila mtu hata mmoja wa nyumbani anayejua. Kwa hiyo zungumza naye mara mbili. Mara ya kwanza usitaje Naivasha kabisa. Futa yale maneno. Mwambie ulikosea, na usiongeze “lakini.” Mwambie popote alipo, saa yoyote, awe amelewa, ameibiwa, amedanganywa au amefanya lile lile ulilomkataza, akupigie, utakuja au utamtuma mtu, na maswali yatasubiri mpaka alale aamke. Kisha ulitimize siku ya kwanza atakapokujaribu, maana atakujaribu, pengine kwa jambo dogo tu, kama kuchelewa kufika kwa shangazi yake. Ukifoka siku hiyo, usinitumie barua nyingine.

Mara ya pili, siku nyingine, ndipo umpe hapana yako na sababu zake. Zungumzia umri, zungumzia huyo mtu mzima asiyekuwepo, zungumzia nauli ya watu. Usizungumzie usichana wake. Atanuna, atakuambia umepitwa na wakati, atakulinganisha na baba wa fulani. Mwache anune. Kaka yake naye mpe sharti hilo hilo la kukupigia, na safari hii muulize alilala wapi Jumapili na Jumatatu.

Usimtume mama yao wala dada yako akusemee. Mpigie binti wewe mwenyewe, leo jioni akishatoka shule. Kiswahili cha barua yako ni kizuri, mzee, lakini umwambie kwa Kimaasai. Yale ya kwanza sidhani kama ulimwambia kwa Kiswahili.