Kuchagua Mashine ya Kusagia Nyama

Nyama iliyosagwa watu wa pwani huiita kima, na jina hilo halina udugu na yule kima wa mwituni arukaye mitini. Neno limetoka Bara Hindi, pamoja na baadhi ya mapishi yake. Kima ndiyo itiwayo ndani ya sambusa, ndiyo ifinyangwayo kuwa kababu na katlesi, na wengine huifanya mchuzi wa kulia chapati. Kabla ya mashine kupatikana, mpishi aliweka nyama juu ya ubao, akaikatakata kwa kisu kizito, huku na huku, mpaka ikawa laini. Kazi hiyo yafanyika hata leo, tena kima ya kisu ni tamu. Lakini kilo tatu za nyama huchosha mkono, na mteja wa sambusa hangoji mkono upumzike.

Mashine ya kusagia nyama ilibuniwa Ulaya katika karne ya 19. Aghalabu hutajwa Karl Drais, Mjerumani aliyezaliwa Karlsruhe mwaka 1785, yule yule aliyetoa mwaka 1817 chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho ni babu wa baiskeli. Baadaye viwanda vya Ujerumani, Uingereza na Marekani vilifanya mashine hizi kwa wingi. Kampuni ya Enterprise, katika mji wa Philadelphia, Marekani, ilizipa mashine zake namba kwa kadiri ya ukubwa wao, na kampuni nyingine zikazifuata namba zile. Ndiyo maana hata leo mashine nyingi za dukani zimeandikwa ubavuni 5, 8, 10, 12, 22 au 32. Namba hizo si kilo wala si inchi. Ni jina la ukubwa tu, na maana yake itaelezwa chini.

Mashine ya mkono ina sehemu chache. Juu pana kinywa kilichopanuka kama faneli, mahali pa kutilia vipande vya nyama. Ndani ya mwili wa mashine hulala parafujo kubwa ya chuma. Mkono ukizungushwa, parafujo nayo huzunguka na kuisukuma nyama mbele, kama vile parafujo ya Archimedes ilivyopandisha maji tangu zamani. Mbele ya parafujo huvikwa kisu chenye makali manne mfano wa msalaba, na mbele ya kisu hukaa kisahani cha chuma chenye matundu. Vyote hufungwa kwa pete nene yenye hesi. Chini pana jiliwa la kuishika meza.

Watu wengi hudhani ya kuwa parafujo ndiyo isagayo nyama. Sivyo; parafujo husukuma tu. Kukata ni kazi ya kisu na kisahani, navyo hukata kama mkasi ukatavyo. Wembe mmoja wa mkasi, uwe mkali namna gani, haukati nguo usipokutana na mwenzake. Kadhalika nyama husukumwa ikatokeza katika matundu ya kisahani, ndipo kisu kipitapo juu ya matundu na kuikata. Ikiwa pana nafasi baina ya kisu na kisahani, hata nafasi nyembamba kama karatasi, nyama haikatwi bali hupondwa. Maji yake hutoka, mafuta hugeuka kama uji, na mishipa hujizongazonga katika kisu mpaka mashine ikakwama. Mwenye mashine hulaumu nyama, au hulaumu mkono wake mwenyewe, kumbe aibu yote ni ya kisu.

Basi atakaye kununua mashine yampasa aanze hapo, si katika rangi wala katika ung'avu wa chuma. Afungue pete, atoe kisahani na kisu, akilaze kisahani juu ya kioo cha meza ya duka au juu ya kitu kingine kilichonyoka sawasawa. Kikitikisika, kimepindika. Kisha akiweke kisu juu ya kisahani na kuvitazama kwa kuelekeza kwenye mwanga. Makali yote manne yaguse, wala mwanga usipenye. Kisu kina pande mbili: upande mmoja ni bapa na una makali, upande wa pili una mgongo. Upande ulio bapa ndio uelekeao kisahani. Mashine nyingi zimetupwa stoo kwa kuwa "hazisagi," na hazikuwa na ila yo yote isipokuwa kisu kuvikwa kinyume.

Mathalan, mama mmoja auzaye sambusa katika mji wa Tanga akaenda dukani pamoja na mwanawe wa darasa la sita. Mwenye duka akamwonyesha mashine kubwa namba 22, akasema, "Chukua hii, mama. Hii haishindwi na kitu, itasaga hata mifupa."

Mama akajibu, "Ahsante, kaka, lakini mifupa si kazi ya nyumbani. Meza yangu ni ndogo, na mashine hiyo yataka kufungwa kwa misumari ya hesi. Niteremshie ile namba 10, unifungulie pete yake."

Pete ikafunguliwa. Mtoto akatazama, akasema, "Mama, mbona kisu kimegeuka? Mgongo ndio unaotazama matundu."

"Umeona vema, mwanangu. Kigeuze, kisha tuvitazame kwenye mwanga."

Wakavitazama. Makali matatu yaligusa, la nne likainuka. Mama akaomba mashine ya pili ya namba ile ile, na hiyo ya pili ikawa sawa. Mwenye duka alicheka, lakini hakukasirika. Maana mteja ajuaye atakacho harudi kesho kudai fedha zake.

Katika habari ya ukubwa, kisahani cha namba 5 kina upana wa milimita 54 hivi, namba 8 ni 62, namba 10 na namba 12 ni 70, namba 22 ni 82, na namba 32 yakaribia 100. Nyumba ya watu wachache yatoshwa na namba 5 au 8. Jamaa kubwa, au mtu afanyaye biashara ndogo ya vyakula, na atafute namba 10 au 12. Namba 22 na 32 ni za mabucha. Tena kuna faida nyingine ya namba hizi: kisu kikiisha au kisahani kikipotea, mwenye mashine aweza kuuliza kingine kwa namba, hata kama kampuni iliyoifanya mashine imekufa zamani. Mashine isiyo na namba, yenye kisahani cha kipimo chake peke yake, ikiharibika kisu imekwisha yote. Hata hivyo ni vema kupeleka kisahani cha zamani dukani kukilinganisha, maana visahani vingine hutofautiana kwa unene na kwa tundu la katikati.

Vivyo hivyo matundu si sawa. Kisahani chenye matundu ya milimita 3 hutoa kima laini ya kababu; matundu ya milimita 4 au 5 yafaa sambusa; matundu ya milimita 8 hutoa nyama ya chenga kubwa ya mchuzi. Ikiwa mashine yauzwa pamoja na visahani viwili, hiyo ni bora kuliko ile iliyo na kimoja.

Chuma chenyewe ni cha namna tatu. Mashine za kikale ni za chuma cha kalibu kilichopakwa bati. Ni nzito, ni imara, na bei yake si kali. Lakini bati likichunika, kutu huingia upesi, hasa pwani penye hewa ya chumvi. Nyingine ni za alumini. Hizo ni nyepesi wala hazina kutu nyekundu, ila zikioshwa kwa sabuni kali hugeuka rangi ya majivu na kuacha weusi vidoleni. Za tatu ni za chuma cha pua kisichoshika kutu, nazo hupita zote kwa usafi na kwa bei. Mtu mwenye fedha kidogo asione haya kununua ya kalibu, mradi awe tayari kuikausha kila mara.

Jiliwa husahauliwa mara nyingi. Mtu hununua mashine nzuri, akifika nyumbani aona meza ni nene kuliko kinywa cha jiliwa. Yafaa kupima unene wa meza kabla ya kutoka nyumbani. Meza ya plastiki hupinda, na meza ya kioo haifai kabisa. Mkono nao utazamwe: mkono mrefu hufanya kazi kuwa nyepesi, kwa sababu ile ile ambayo mtaimbo mrefu hung'oa jiwe lililoshinda mtaimbo mfupi. Lakini mkono ukiwa mrefu kupita kiasi hugonga ukingo wa meza.

Mashine za umeme siku hizi ni nyingi. Huzisifu wauzaji kwa hesabu ya wati, na hapo pana hila. Sandukuni pameandikwa wati 1500 kwa herufi kubwa, na katika kibati kilicho chini ya mashine pameandikwa 400 au 500 kwa herufi ndogo. Hesabu kubwa ni ya mota iliyokwama, inapovuta umeme mwingi kwa dakika chache kabla ya kuungua. Hesabu ndogo ndiyo nguvu ya kazi ya kila siku. Jambo la pili ni gia. Mashine nyingine zina gia moja au kiungo kimoja cha plastiki kilichofanywa kwa makusudi kiwe dhaifu, ili mfupa ukiingia kivunjike chenyewe na mota isalimike. Hilo si hila, ni busara. Ila sharti kiungo kama hicho kipatikane dukani kwa bei ndogo. Na mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mashine ya mkono haijapata kukosa kazi.

Mashine ikishanunuliwa, kuna jambo moja ambalo kila mtoto wa nyumba apaswa kufundishwa kabla hajaishika: kidole hakiingii katika kinywa cha mashine kamwe. Nyama ikigoma kushuka, husukumwa kwa mchi mdogo wa mti au wa plastiki uuzwao pamoja na mashine. Parafujo haijui tofauti ya nyama na kidole, na ya umeme haisimami kwa kelele za mtu. Mashine isiyo na mchi wake, au yenye kinywa kipana kiasi cha kuingiza mkono wa mtoto mpaka chini, isinunuliwe kwa nyumba yenye watoto.

Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba, na mishipa migumu huondolewa. Iwe baridi. Mwenye friji huiweka ndani ya barafu muda wa nusu saa mpaka ianze kukaza, ndipo hukatwa safi na mafuta hayayeyuki. Asiye na friji husaga asubuhi mapema, mara atokapo buchani, na kupika papo hapo.

Sababu si ladha peke yake. Vijidudu vya maradhi hukaa juu ya nyama, upande wa nje. Pande la nyama likichomwa, moto hugusa nje kwanza na kuviua. Lakini nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huchanganyika na kilicho ndani, na kababu iliyoungua juu yaweza kuwa na vijidudu hai katikati. Mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua kwa kula nyama ya kusaga isiyoiva vema iliyowekwa katika mikate, na watoto 4 wakafa. Kwa hiyo wataalamu wa nchi ile hufundisha kwamba joto la katikati ya nyama ya kusaga lifike digrii 71 za Sentigredi. Asiye na kipimo cha joto na afanye kababu nyembamba, na kima ya sambusa aipike kwanza sufuriani kabla ya kuifunga. Nyama iliyosagwa isikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali isizidi saa moja.

Kwa sababu hiyo hiyo mashine isiyofunguka yote si ya kununua, hata ikitolewa nusu bei. Kila sehemu iguswayo na nyama lazima itoke, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikatazamwe. Kipande cha mkate mkavu kikisagwa mwisho husukuma nje nyama iliyobaki katika parafujo, na kazi ya kuosha hupungua. Mashine mpya huoshwa vivyo hivyo kabla ya kutumiwa, kwa kuwa hutoka kiwandani na mafuta ya mitambo. Kisu kisilazwe majini usiku kucha. Hukaushwa kwa kitambaa, huanikwa kidogo juani, kisha hupakwa mafuta ya kupikia, si ya cherehani.

Kisu na kisahani chake hufungwa pamoja katika kitambaa kimoja kikavu. Vikitumika pamoja kwa muda huchongana, kila kimoja kikafuata umbo la mwenzake; na mwenye visahani viwili hufanya vema akiwa na visu viwili, kila kisu na kisahani chake.