Dawa ya Unga ya Kuvuta: Kwa Nini Haimezwi

Mgonjwa wa pumu, au wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, anaweza kurudi kutoka hospitali na dawa ngeni. Ni kapsuli zenye unga ndani, pamoja na chombo kidogo cha plastiki. Akifika nyumbani anafanya alivyozoea. Anachukua kapsuli na kuimeza kwa maji. Kifua kinaendelea kubana. Anasema dawa haifai, anaiacha.

Kosa hili si la watu wa vijijini peke yao. Mwaka 2008 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilitoa onyo, maana wagonjwa wengi huko walikuwa wakimeza kapsuli za namna hii. Basi tujifunze jinsi unga huu unavyotengenezwa. Ukilijua hilo, kuutumia hakutakuwa kugumu.

Njia za hewa ni kama mti uliopinduliwa. Shina liko shingoni. Matawi yako kifuani, nayo hugawanyika mpaka yanakuwa membamba sana. Dawa ikipita kooni tu haitoshi. Lazima ifike kwenye matawi hayo membamba.

Chukua rula, tazama milimita moja. Igawe kwa mawazo katika sehemu 1,000. Kila sehemu inaitwa mikroni. Chembe ya dawa inayotakiwa ina upana wa mikroni 1 hadi 5 tu. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi.

Kwa nini iwe ndogo hivyo? Kumbuka mama anavyopepeta. Punje nzito hurudi kwenye ungo, makapi na vumbi huchukuliwa na upepo. Kooni ni vivyo hivyo. Chembe kubwa haiwezi kukata kona. Hugonga nyuma ya koo ikanata hapo. Chembe ndogo hufuata hewa mpaka ndani. Kiwandani hawatumii kinu. Wanapuliza hewa kwa nguvu nyingi, chembe zinagongana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinasagika.

Hapo huzuka tatizo jingine, na kwa maoni yangu hili ndilo gumu zaidi. Unga laini mno hushikana. Inamisha kijiko cha sukari, itamwagika. Unga wa muhogo uliochekechwa sana hufanya mabonge na kunata kwenye chombo. Tena dawa yenyewe ni kidogo mno, haipimiki peke yake. Kwa hiyo watengenezaji wengi huichanganya na sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, yenye punje kubwa zaidi. Chembe za dawa hukaa juu ya punje za sukari, kama abiria juu ya lori.

Mfano ni kapsuli moja ya dawa iitwayo formoterol. Ina dawa mikrogramu 12 na sukari ya maziwa miligramu 25. Maana yake, kwa sehemu moja ya dawa kuna zaidi ya sehemu 2,000 za sukari. Mwenye kisukari asiogope, kwa kuwa kijiko cha chai cha sukari ni kama miligramu 4,000. Lakini mtu ambaye maziwa humletea vipele au kubanwa kifua amwambie mganga kabla ya kutumia.

Sasa ni nani atakayewashusha abiria hao? Ni pumzi yako. Chombo cha kapsuli hakina gesi ya kusukuma dawa. Roger Altounyan, daktari wa Uingereza aliyekuwa na pumu mwenyewe na aliyewahi kuwa rubani, alisaidia kubuni chombo cha namna hii katika miaka ya 1960. Ndani yake kulikuwa na pangaboi dogo lililozungushwa na pumzi ya mgonjwa. Ukivuta polepole, dawa hubaki imeshikamana na sukari, na yote huishia kooni.

Kwa hiyo fanya hivi. Tia kapsuli ndani ya chombo na uitoboe kama ulivyoelekezwa. Geuza uso pembeni, toa pumzi yote. Usipumulie ndani ya chombo, kwa sababu pumzi ina unyevu, na unga wenye unyevu hugandamana kama chumvi wakati wa masika. Kisha bana midomo kwenye chombo na uvute kwa nguvu. Maelezo ya chombo chako yatakuambia uvute kwa kasi gani. Zuia pumzi hesabu ya kumi, kama unaweza. Fungua utazame. Ikiwa unga umebaki ndani ya kapsuli, vuta tena kapsuli ileile.

Dawa ya kupuliza yenye gesi ni tofauti. Ile huvutwa polepole. Wenye dawa zote mbili huchanganya hapa.

Acha kapsuli ndani ya karatasi yake mpaka saa ya kuvuta. Usiziweke karibu na jiko wala karibu na mtungi. Kama dawa yako ni ya jamii ya steroidi, sukutua kwa maji kila baada ya kuvuta, kisha uyateme. Hata ukivuta vizuri sehemu kubwa ya dawa hubaki mdomoni na kooni, na huweza kuleta utando mweupe wa ukungu.

Mtoto mdogo hana nguvu ya kuvuta unga huu. Hata mtu mzima aliyebanwa sana, asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuhema, huenda asiweze. Huyo asisubiri mpaka asubuhi. Apewe dawa yake ya kupuliza ya kufungua kifua, kama anayo, na apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo. Chukueni na chombo chake, mganga akione.