SOMO LA TANO: Kumchagulia Hisabati Mtoto Anayejifunzia Nyumbani

Madhumuni ya somo
Baada ya somo hili, mlaji ataweza: (a) kupima mahitaji ya mtoto kabla ya kununua kitabu, (b) kulinganisha vitabu kwa maudhui na kwa bei, (c) kuzitambua haki zake mbele ya muuzaji.

1. Mtoto anayejifunzia nyumbani ni nani?
Kijijini Kilambo, ukingoni mwa Mto Ruvuma, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Mtwara, watoto hujifunzia nyumbani kwa sababu mbalimbali. Yupo aliyeugua muda mrefu, yupo aliyezuiwa na mvua na umbali, na yupo aliyefuatana na wazazi shambani msimu wa korosho. Wapo pia wazazi wanaotaka tu kumwongezea mtoto mazoezi jioni.

Jambo moja halina budi kueleweka mapema. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria. Aidha, mtoto hufanya mitihani ya taifa ya elimu ya msingi kupitia shule aliyosajiliwa. Kwa hiyo masomo ya nyumbani huisaidia shule, hayachukui nafasi yake. Mtoto aliyeikosa shule kwa miaka kadhaa aulizwe nafasi katika madarasa ya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, kabla ya fedha kutumika kwa vitabu. Mzazi aanzie kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu au Afisa Elimu Kata.

2. Mtaala na kitabu si kitu kimoja
Mtaala ni mpango mzima wa kile mtoto anachopaswa kujifunza, kwa utaratibu gani, na jinsi atakavyopimwa. Kitabu ni chombo kimoja tu cha kuutekeleza. Nchini Tanzania mitaala ya shule huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), iliyoanzishwa mwaka 1975. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutumika shuleni Januari 2024, kwa awamu. Katika Darasa la I na la II somo huitwa Kuhesabu. Hisabati huanza Darasa la III.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopoteza fedha. Kitabu cha mtaala wa zamani huuzwa kwa bei nafuu, nacho si kibaya kwa mazoezi ya kujumlisha na kutoa. Lakini mpangilio wa mada unaweza kutofautiana na ule unaofuatwa na mwalimu darasani. Mtoto akirudi shule atakuta mengine ameyapita na mengine hayajui.

Vivyo hivyo kwa vitabu vya nje. Mitaala ya Uingereza na Singapore ina sifa njema. Njia ya Singapore, kwa mfano, humwanzisha mtoto kwa vitu vya kushika, kisha michoro, ndipo tarakimu. Mzazi anaweza kuiga njia hiyo kwa kokwa za korosho na vijiti, bila kununua kitabu kinachotumia fedha, vipimo na lugha isiyo ya shule ya mtoto.

Wakazi wa mpakani wawe waangalifu zaidi. Vitabu vya Msumbiji vimeandikwa kwa Kireno, na desimali huandikwa kwa mkato: 2,5 humaanisha mbili na nusu. Katika vitabu vyetu desimali huandikwa kwa nukta, 2.5, na mkato hutenganisha maelfu. Mtoto asiyeelezwa tofauti hii anaweza kuisoma 1,250 kuwa moja na robo.

3. Pima kwanza, nunua baadaye
Darasa alilopo mtoto halitoshi kuonyesha kitabu anachohitaji. Kabla ya safari ya kwenda madukani Mtwara mjini, mpe mtoto wa Darasa la III au la IV maswali haya, naye aeleze kwa sauti anavyofikiri:

(i) 47 + 38
(ii) 602 − 247
(iii) Kati ya 3/4 na 2/3 ya muhogo mmoja, ipi ni kubwa?

Majibu ni 85, 355 na 3/4. Lakini kosa hufundisha kuliko jibu sahihi. Mtoto akiandika 445 katika swali la pili, hakukosa kwa bahati mbaya: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huyo hajaelewa thamani ya nafasi. Kitabu cha darasa la juu hakitamsaidia, wala mazoezi mia ya namna ileile. Afungiwe vijiti katika mafungu ya kumi na ya mia, afungue fungu moja pale anapopungukiwa, kisha ndipo aandike. Ikiwa swali la tatu tu ndilo lililomshinda, tafuta kitabu chenye mada ya sehemu iliyoelezwa vizuri kwa michoro.

4. Namna ya kukikagua kitabu dukani
Usikifungue mwanzoni, mahali palipopambwa. Chagua mada moja ambayo mtoto haiwezi, uisome yote, ukijiuliza:

• Je, kina maelezo kabla ya mazoezi, na mifano iliyofanywa hatua kwa hatua?
• Je, mazoezi huanza na mepesi na kuendelea hadi magumu?
• Je, kina majibu? Mzazi asiye na uhakika na hisabati atayahitaji ili asahihishe.
• Je, lugha ni ile ya shule ya mtoto, yaani Kiswahili au Kiingereza?
• Je, kimeonyesha mwaka, toleo, mchapishaji na ithibati?
• Je, kurasa zote zipo na zinasomeka? Nakala za kudurufu aghalabu hukosa kurasa.

Kumbuka pia kwamba vitabu vya TET husomwa katika Maktaba Mtandao yake bila kulipia kitabu. Gharama ni bando tu. Mzazi anaweza kukiona kitabu huko kabla ya kuamua kukinunua.

5. Hesabu ya mlaji
Tuchukulie muuzaji anatoa kifurushi cha vitabu 6 kwa shilingi 72,000, na kitabu kimoja kimoja kwa shilingi 15,000. Katika kifurushi kila kitabu ni shilingi 12,000, hivyo chaonekana nafuu. Lakini kama mtoto anahitaji vitabu 2 tu, atalipa 30,000 badala ya 72,000. Nafuu ya kweli ni kuchukua viwili, na shilingi 42,000 zinazobaki zinunue madaftari na mahitaji mengine. Rahisi ni kile kitakachotumika.

6. Haki zako
Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Maneno kama “kimeidhinishwa na Wizara” hayana budi kuwa ya kweli. Mwombe muuzaji akuonyeshe ithibati, dai risiti, na uitunze pamoja na kitabu. Ukigundua kurasa zinakosekana au uliambiwa uongo, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.

Muhtasari
Msajili mtoto, mpime, fuata mtaala wa shule yake, kagua mada moja kwa kina, nunua kinachohitajika tu, tunza risiti.

Zoezi
1. Mtoto amejibu 503 − 168 = 465. Amefanya kosa gani, na jibu sahihi ni lipi?
2. Kifurushi cha vitabu 4 ni shilingi 44,000; kimoja ni shilingi 13,000. Unahitaji 3. Utanunua vipi, na kwa nini?

Majibu: (1) Ametoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa katika kila safu, jibu ni 335. (2) Vitatu kimoja kimoja ni 39,000, pungufu kwa 5,000. Chukua kifurushi endapo tu kitabu cha nne kitatumika.